UZI MAALUMU: Picha za watu kwenye simu yako zinatoka wapi, na ya kwako inakwenda wapi

Mkaguzi wa Seva (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Swali la picha za watu kujitokeza zenyewe kwenye simu linarudi kila mara, na jibu linalotolewa ni lilelile: "zima ruhusa ya Anwani (kitabu cha namba), utakuwa salama." Hilo linatibu theluthi moja tu ya tatizo. Picha hupita njia tatu zisizohusiana, kila njia na swichi yake, na wengi huzima isiyohusika halafu wanashangaa DP (picha ya wasifu) bado inaonekana kwa watu wasiowajua.

Njia ya kwanza iko ndani ya simu yako. Programu inaandika rekodi kwenye kitabu cha namba, mfumo unaiunganisha na rekodi nyingine za mtu huyohuyo, kisha unachagua picha moja ya kukuonyesha akipiga.

Ya pili inaanzia kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni yenye app. Mwenye namba yako anafungua WhatsApp au Telegram, programu yake inaiuliza seva kama namba hiyo ina picha, seva inaangalia faragha uliyoweka, inampa au inamnyima. Hapa simu yako haishiriki kabisa. Hata ukiizima na kuitia kabatini, picha itaendelea kutoka, maana ilishakaa kwenye seva tangu ulipoipandisha.

Ya tatu ni kitabu chako chote kubebwa: app inasoma majina, namba na picha ulizowawekea watu, inavipeleka kwa wenye app. Anayeumia hapo ni yule uliyemseivu, ambaye hata hajui kama app hiyo ipo.

Nianze na ya kwanza, ndiyo isiyoeleweka. Android tangu toleo 2.0 la mwaka 2009 inahifadhi namba kwa tabaka tatu. Chini kuna vipande vya data: namba, barua pepe, picha. Juu yake kuna rekodi ghafi, moja kwa kila akaunti. Juu kabisa kuna anwani moja unayoiona wewe. "Asha" mmoja kwenye skrini anaweza kuwa na rekodi ghafi nne: ya Google, ya laini, ya WhatsApp na ya Telegram. Mfumo unaziunganisha wenyewe kwa kulinganisha jina, namba na barua pepe.

Sasa picha. Kila rekodi inaweza kubeba kijipicha cha pikseli 96 kwa 96, na tangu Android 4.0 picha kubwa pia, hadi 720 kwa 720 (480 kwa simu zenye RAM ndogo). Rekodi mbili za mtu mmoja zikiwa na picha tofauti, iliyoteuliwa rasmi kuwa ya msingi hushinda. Isipokuwepo, kwenye Android ya kawaida hushinda yenye pikseli nyingi. Aina ya akaunti hutazamwa mwishoni, pale picha zinapolingana. Ndiyo maana kipicha kidogo ulichomwekea mtu mwenyewe kinaweza kufunikwa na picha kubwa iliyoletwa na akaunti nyingine, wala huulizwi. Watengenezaji wa simu huwa wanachezea kanuni hizi, kwa hiyo msishangae simu mbili zenye akaunti zilezile kuonyesha picha tofauti.

---

Njugu254

Uzi mzuri, ila umesahau kuitaja WhatsApp. Hiyo ndiyo inaandika DP za watu kwenye kitabu cha namba. Ukiiondoa, picha zote zinapotea.

---

Mkaguzi wa Seva

Hapana ndugu yangu. WhatsApp kwenye Android inaandika rekodi ghafi, lakini ndani yake kuna vitufe tu: tuma ujumbe, piga sauti, piga video. DP zinabaki ndani ya WhatsApp yenyewe. Ingekuwa inaziandika, kusingekuwa na soko la zile app za "sawazisha picha za WhatsApp na kitabu cha namba".

Mwenye kompyuta asiniamini mimi, aiulize simu. Gusa "Nambari ya muundo" mara 7 kufungua chaguo za wasanidi, washa utatuzi wa USB, chomeka waya, kisha kwenye kompyuta yenye adb (programu ya kuiamuru simu ya Android kutoka kwenye kompyuta) andika:

`adb shell content query --uri content://com.android.contacts/raw_contacts --projection _id:account_type:display_name`

Itakuja orodha ya kila rekodi na akaunti iliyoiandika. `com.google` ni Google, `com.whatsapp` inajieleza, `org.telegram.messenger` vilevile. Sasa uliza nani ana picha:

`adb shell content query --uri content://com.android.contacts/data --projection raw_contact_id:account_type:data14 --where "mimetype=\'vnd.android.cursor.item/photo\'"`

Mstari wenye `data14=NULL` una kijipicha tu. Wenye namba una picha kubwa pia. `data15` msihangaike nayo, humo mna baiti za kijipicha chenyewe. Angalieni `account_type` ya kila mstari: huyo ndiye aliyeleta picha.

Asiye na kompyuta afungue app ya Anwani, aingie kwa mtu mmoja, aguse nukta tatu juu, atafute pa kuona anwani zilizounganishwa. Atakuta rekodi moja moja na chanzo chake, na kitufe cha kuzitenganisha.

Njia ya haraka zaidi: laini haibebi picha. Mtu uliyemseivu kwenye laini peke yake akitokea na sura, jua kuna akaunti nyingine inamfahamu.

---

Zubeda K.

Na kama rekodi inaonyesha `com.google` lakini mwenye simu hakuweka picha hiyo?

---

Mkaguzi wa Seva

Dada Zubeda, kuna uwezekano wa aina mbili, na tiba zake ni tofauti.

Wa kwanza ni picha ya akaunti ya Google ya mtu huyo. Ukiwa na barua pepe yake ya Gmail ndani ya anwani, Google huonyesha picha aliyoiweka kwenye akaunti yake. Yeye akiibadilisha, kwako inabadilika. Hukuiweka wewe na huwezi kuifuta kwake, ila ukimwekea picha yako mwenyewe itaifunika kwenye simu yako. Zamani picha za Google+ zilikuwa zinaingia kwenye vitabu vya watu kwa mtindo huu huu, hadi huduma ile ilipofungwa Aprili 2019. Anayetaka picha yake ya Google isisambae aingie kwenye akaunti yake, sehemu ya taarifa binafsi, aiondoe au aweke mchoro. Watu waliipiga picha hiyo wakati wa kufungua Gmail mwaka 2013 wakaisahau, kumbe ndiyo inayotokea kwa kila wanayemwandikia barua pepe ya kikazi.

Wa pili ni hizo app za kusawazisha picha. Kosa lake kubwa ni mahali zinapoandika. Haziundi rekodi yao, zinaandika ndani ya rekodi yako ya Google. Kwa hiyo hata ukiiondoa app, picha zinabaki. Tena zinapanda wingu (seva za Google) na kushuka kwenye kila kifaa chenye akaunti hiyo: tableti ya mtoto, simu ya dukani, kompyuta ya ofisini.

Likishatokea, nenda contacts.google.com kwenye kompyuta, fungua mipangilio, chagua kutengua mabadiliko. Unaweza kurudi nyuma dakika 10, saa moja, jana, wiki, au muda unaoutaja hadi siku 30. Kabla ya kubonyeza, pakua nakala ya anwani zote za leo, kwa sababu kutengua kunarudisha kitabu kizima: namba ulizoongeza baada ya tarehe hiyo zinaondoka. Wenye iPhone wana kitu hichohicho iCloud.com, sehemu ya kurejesha data, nako ni siku 30. Zikipita, itabidi ufute moja moja.

---

Fundi Mwananyamala

Wakuu ongezeni hili maana kwa huku kwetu ndilo baya kuliko yote: simu inauzwa na Gmail ya muuzaji ndani yake. Mteja hana Gmail au hakumbuki neno la siri, kijana wa dukani anamwekea ya kwake "ili Play Store ifanye kazi". Toka siku hiyo kila namba mteja anayoseivu, na picha anayomwekea mkewe au mwanawe, inapanda kwenye akaunti ya kijana yule. Na kijana akiwa amewawekea wateja ishirini Gmail moja, wote wanaanza kuonana namba. Mtu anakuta kwenye simu yake majina kama "Mama Kulwa Mbagala" asiyemjua, anadhani kaingiliwa na wadukuzi.

Kuangalia: Mipangilio, sehemu ya manenosiri na akaunti. Ukikuta Gmail usiyoijua, fuata mpangilio huu hivyo hivyo ulivyo:

1. App ya Anwani, hamisha anwani zote kwenda faili la .vcf, lihifadhi kwenye kadi ya memori au jitumie.
2. Fungua Gmail yako mwenyewe, iongeze kwenye simu.
3. Ondoa akaunti ya muuzaji kupitia Mipangilio. Namba zilizokuwa chini yake zitapotea kwenye skrini hapo hapo, usipaniki.
4. Rudisha lile faili la .vcf, na ukiulizwa pa kuhifadhi, chagua Gmail yako.
5. Pitia orodha, futa wasiokuhusu.

Kosa linaloleta watu dukani wakilia ni kukimbilia kuiflashi simu kwa vitufe kabla ya hatua ya 3. Tangu Android 5.1 simu iliyofutwa kwa njia hiyo inadai akaunti ileile iliyokuwamo. Muuzaji kahama au kasahau neno la siri, simu imekuwa tofali. Ondoa akaunti kwanza kupitia Mipangilio ndipo ufikirie kuflashi.

Kumbuka pia ukiondoa akaunti kwenye simu, namba zilizokwisha kupanda zinabaki kwake wingu. Kama mnafahamiana, mwambie azifute mbele yako kwenye contacts.google.com na kwenye tupio lake.

---

Njugu254

Hiyo ya Gmail ya duka hata Nairobi iko. Na kwa iPhone iko cousin yake: familia nzima inatumia Apple ID (siku hizi inaitwa Apple Account) moja ndiyo wagawane app zilizolipiwa. Contacts zinaungana zote. Baba akimwekea mtu picha, inatokea kwa mtoto. Dawa ni kila mtu awe na Apple ID yake, halafu muunganishwe na Family Sharing, ambayo inagawa ununuzi bila kugusa namba.

---

Kipanga Mweusi

Turudi njia ya pili, ya seva, kwa sababu ndiko picha zenyewe zinakovuja kwa wingi.

WhatsApp: Mipangilio, Faragha, picha ya wasifu. Kuna chaguo nne: kila mtu, niliowaseivu, niliowaseivu isipokuwa fulani (hili lilikuja Juni 2022), na hakuna. Ukiwa hujawahi kugusa hapo, DP yako ni ya kila mtu. "Kila mtu" maana yake yeyote mwenye namba, awe anakujua au ameibahatisha.

Jambo ambalo watu hulielewa kinyume ni hilo la "niliowaseivu". Kinachohesabiwa ni kitabu CHAKO. Mtu akiwa amekuseivu lakini wewe hukumseivu, haoni. Na ukimseivu dalali, bodaboda, fundi wa maji na yule wakala uliyempigia mara moja mwaka juzi, wote wanaona, hata kama wao walishaifuta namba yako. Tangu Oktoba 2024 WhatsApp inaruhusu pia kuseivu mtu ndani yake bila kupitia kitabu cha simu, kwa hiyo ukisafisha kitabu cha simu, safisha na huko. Kwa mwenye namba mia nane za kazini kwenye simu, chaguo hili linakaribiana sana na "kila mtu".

Kwenye kundi hali ni ileile. Mwanakikundi usiyemseivu haioni DP yako isipokuwa umeiweka kwa kila mtu. Uliyemzuia haoni mabadiliko mapya.

Picha inayotolewa na seva ina vipimo viwili, kijipicha cha orodha na ile kubwa ya ukiibonyeza. Simu ya mwenzako inatunza nakala. Ukibadilisha faragha leo, nakala iliyokwisha kushuka inaweza kuendelea kuonekana kwake mpaka programu iiulize seva tena. Kitufe cha kuhifadhi DP ya mtu mwingine kiliondolewa, na skrinishoti ya DP kwenye Android imezuiwa tangu 2024, ila simu ya pili inayopiga picha skrini ya kwanza haizuiwi na mtu.

---

Zubeda K.

Nani ana muda wa kubahatisha namba moja moja?

---

Kipanga Mweusi

Mashine, dada. Mwaka 2020 watafiti wa Würzburg na Darmstadt, Ujerumani, walizipima WhatsApp, Signal na Telegram kwa kuzipa namba za kubuni. Kwa WhatsApp walipitia asilimia 10 ya namba zote za simu za Marekani, na karibu nusu ya waliopatikana walikuwa na picha iliyo wazi.

Novemba 2025 Chuo Kikuu cha Vienna pamoja na SBA Research wakatoa kikubwa zaidi. Waliuliza namba zaidi ya milioni 100 kwa saa, bila kuzuiwa, hadi wakathibitisha akaunti bilioni 3.5 za WhatsApp dunia nzima. Asilimia 57 zilikuwa na picha wazi kwa kila mtu. Walipopakua za namba zinazoanza na +1, walipata picha milioni 77, na theluthi mbili hivi zilikuwa na uso wa mtu. Walizifuta data zao na kampuni ikabana kasi ya maswali, lakini hesabu inabaki: namba zetu zinaanza na tarakimu zinazojulikana, +255 halafu 6 au 7, kisha tarakimu nane. Kompyuta haichoki kuzimaliza.

Sura pamoja na namba ndiyo malighafi ya matapeli wa "mama nimebadilisha namba, hii ndiyo mpya". Anachukua DP yako, anaiweka kwenye laini yake, anawaandikia ndugu. Kwa hiyo kuficha DP kunamnyima vifaa, hata kama hakumzuii kujaribu.

---

Bin Ramli Muscat

Assalaam alaykum. Nami niongeze ya Telegram na Signal, maana huku Ghuba Waswahili wengi wako huko.

Telegram: Settings, Privacy and Security, Profile Photos. Ukichagua watu wako tu, itakuuliza kama unataka picha ya umma, yaani ile watakayoiona wengine. Weka ua au bahari, au usiweke. Mtego mkubwa ni huu: Telegram haibadilishi picha, inarundika. Ukiweka mpya, ya zamani inabaki nyuma yake, na anayeruhusiwa kukuona anateleza kidole anaziona zote mpaka ya miaka sita nyuma. Fungua picha yako, teleza moja moja, futa zile usizozitaka.

Tangu mwisho wa 2022 unaweza pia kumwekea mtu picha unayoiona wewe peke yako, au kumpendekezea yeye aiweke. Ni vitufe viwili vilivyopakana, soma kabla ya kugusa, maana kimoja kinabaki kwako na kingine kinamfikia mwenyewe.

Namba zako Telegram inazihifadhi kwenye seva zake, pamoja na majina ulivyoyaandika. Humo humo Privacy and Security, kwenye mipangilio ya data, kuna kufuta anwani zilizosawazishwa na swichi ya kusawazisha. Zima swichi kwanza ndipo ufute. Ukifuta ikiwa imewashwa, zinapanda tena.

Signal ni tofauti. Picha inafungwa kwa ufunguo wa profaili, na ufunguo huo anapewa yule unayewasiliana naye au uliyekubali ombi lake. Mtu wa nje akiuliza seva hapati sura. Ila watu hulalamika "Signal inaonyesha picha ya mama ambayo hakuiweka". Hiyo ni picha ya kitabu chako mwenyewe. Kwenye mipangilio ya Chats kuna swichi ya kutumia picha za kitabu cha simu. Izime, utaona aliyoiweka yeye.

---

Mkaguzi wa Seva

Wa alaykum salaam sheikh, umemaliza. Niweke ya iPhone, menyu nitaziandika kama zilivyo kwenye skrini.

Ukiwa na iPhone kuna picha mbili zinazochanganywa. Uliyomwekea mtu wewe inakaa iCloud yako, yeye haioni. Unayojiwekea kwenye My Card ndiyo inayosafiri kwa watu. Tangu iOS 13 ya 2019, iMessage inaweza kupeleka jina na picha yako kwa unayemwandikia, na iOS 17 ikaongeza lile bango kubwa la kupigia simu. Fungua Contacts, My Card, Contact Photo & Poster. Swichi ya juu ni Name & Photo Sharing, chini yake kuna Contacts Only na Always Ask. Contacts Only inatuma kimya kimya kwa kila uliyemseivu. Anayetaka kujua kila inapokwenda achague Always Ask.

Kuhusu app kusoma namba, iPhone ilianza kuuliza ruhusa na iOS 6, mwaka 2012, baada ya Path, app ya mtandao wa kijamii, kugundulika mwezi Februari inapakia kitabu kizima bila neno. Mwaka uliofuata Path ilitozwa dola 800,000 Marekani, ingawa faini yenyewe ilikuwa ya kukusanya taarifa za watoto bila ridhaa ya wazazi. iOS 6 hiyohiyo ilikuwa na kitufe cha Facebook cha kujaza picha za marafiki kwenye kitabu chote kwa mkupuo mmoja, kikaja kuondoka na iOS 11. Wapo wanaobeba picha hizo hadi leo, kwa sababu zilishaandikwa iCloud.

Tangu iOS 18 unaweza kuipa app namba chache unazozichagua. Kwenye Android ya kawaida ruhusa ya Anwani imekuwa ni yote au hapana: app ikishapewa, inasoma majina, namba, picha, siku za kuzaliwa, hata maelezo uliyoandika pembeni. Na kusoma na kuandika ni kundi moja la ruhusa. Ukishakubali app isome, ikija kuomba kuandika haikuulizi tena. Watu hawalijui hili kabisa, na ndilo linaloziwezesha zile app za kusawazisha kufanya vurugu.

---

Fundi Mwananyamala

Msisahau magari. Ukiunganisha simu na redio ya gari kwa bluetooth, simu inauliza kama iruhusu anwani na historia ya simu. Ukikubali, redio inavuta kitabu kizima kwa kadi za vCard (zilezile za faili la .vcf), na redio zinazoonyesha picha zinavuta na picha. Zinabaki humo. Gari la kukodi au unaloliuza: ingia kwenye orodha ya simu zilizounganishwa, futa ya kwako, na kama menyu ina kurudisha redio kiwandani, fanya hivyo. Kusikiliza muziki hakuhitaji anwani, kwa hiyo kataa tu hilo swali na nyimbo zitapiga.

vCard hiyohiyo ndiyo inayotumwa ukimgawia mtu namba kwa WhatsApp au barua pepe. Ndani ya faili la .vcf picha inakaa kama maandishi marefu baada ya neno PHOTO. Faili la mtu mmoja likiwa na KB 1 halina picha, likiwa na makumi ya KB inayo. Ukitaka kuhakikisha, lifungue kwa kihariri cha maandishi, futa kuanzia PHOTO hadi mwisho wa lile fungu la herufi zisizosomeka, hifadhi, tuma. Kwenye iPhone, ukigusa Share Contact unaweza kuchagua vipengele vya kutuma, toa alama kwenye picha.

---

Njugu254

Na app za mikopo? Hizo zilikuwa zinabeba contacts na kupigia watu wako wote.

---

Zubeda K.

Hapo nadhani naweza kusaidia, ni upande wangu wa sheria.

Google Play ilipiga marufuku app za mikopo binafsi kusoma anwani na picha kuanzia 31 Mei 2023. Iliyopo Play Store sasa hivi ikiomba anwani inavunja kanuni hiyo, iripoti. Zinazosambazwa kwa APK (faili la kusakinisha app nje ya Play Store) kupitia kiungo cha SMS hazifungwi na Play, na ndizo za kuogopa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Itazameni kabla ya kusakinisha.

Kenya ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilishatoza faini. Septemba 2023 Mulla Pride, wenye app za KeCredit na Faircash, walitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba walizozipata kwa watu wengine. Siku zilezile baa ya Casa Vera ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa. Kwa hiyo namba na sura, vyote ni taarifa binafsi mbele ya sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na malalamiko yanapelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mlalamikaji aandike jina la app, tarehe, ujumbe uliotumwa, na skrinishoti ya ukurasa wa ruhusa unaoonyesha Anwani imeruhusiwa. Hiyo ya mwisho wengi huisahau, kwa sababu wameshaiondoa app kwa hasira.

---

Kipanga Mweusi

Nimalizie na Truecaller, app ya kutambua anayekupigia. Anayejiunga huko kwa Google anakabidhi jina na picha yake. Kuiondoa app kwenye simu hakufuti chochote kwao. Zima akaunti ndani ya app kwanza, ndipo uende truecaller.com/unlisting, uandike namba kwa mtindo wa +255 au +254 bila sifuri ya mbele. Ukianza na kuondoa orodha kabla ya kuzima akaunti, ombi halipiti.

---

Zubeda K.

La mwisho: mtu akiacha laini, na kampuni ikaiuza upya, DP yake inakuwaje?

---

Mkaguzi wa Seva

WhatsApp inaangalia kimya cha akaunti. Ikiwa haijatumika siku 45 halafu namba ikawashwa kwenye kifaa kingine, picha na maelezo ya zamani yanafutwa. Mwenye laini mpya akiiwasha kabla ya hapo mambo yanaweza kuchanganyika, kwa hiyo anayeacha laini atumie "Badilisha namba" ndani ya WhatsApp wakati laini ya zamani bado iko hewani, au aifute akaunti kabisa. Telegram nayo ina kubadilisha namba kwenye mipangilio.

Kitabu cha ndugu zako lakini hakijui lolote. Wale waliokuseivu na kukuwekea picha kwa mkono, mgeni akiwapigia kwa namba ile wataona sura yako. Hiyo haina swichi upande wako, watumie namba mpya na uwaombe wafute ya zamani.

Kwa anayetaka kuhakiki kazi yote aliyofanya: chukua simu yenye laini usiyoiseivu, fungua kivinjari, andika wa.me/ kisha namba yako ikianza na 255, fungua mazungumzo, gusa duara la juu. Ukiona mchoro wa kijivu, umefunga. Rudia kwa simu ya mtu uliyemseivu, maana huko ndiko chaguo la "isipokuwa" linakosewa.